Mti Huhesabiwa Kiangazi

Nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna kilima kiitwacho Nabugoye, na juu yake pana sinagogi. Wanaosali humo ni Abayudaya. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, aliisoma Biblia kwa makini, akaona hakuna palipoandikwa kwamba sheria za Musa zimefutwa, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Watu wa huko wanamkumbuka pia kwa barabara alizozifungua na miti aliyoipandisha kando zake. Alifariki 1928. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao miaka ya 1970, waumini walipungua hadi kufikia 300 hivi. Leo ni kama 2,000, wametawanyika vijijini kuizunguka Mbale, na wengi wao ni wakulima wa kahawa, migomba, mihogo na maharage.

Juu yao umesimama Mlima Elgon. Kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321, na miteremko yake imejaa watu na mashamba. Tarehe 1 Machi 2010 udongo uliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ukafukia nyumba, maduka na zahanati pamoja na waliokuwamo. Oktoba 2018 ukaporomoka tena katika wilaya hiyo hiyo. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku na kuingia mjini Mbale. Novemba 2024 vijiji vya Bulambuli vikafukiwa. Wataalamu wakieleza, hurudia mambo yale yale: mvua kubwa, mteremko mkali, udongo wa mfinyanzi, watu wengi kwenye ardhi ndogo, na miti yenye mizizi mirefu iliyokatwa ili shamba lipatikane.

Ndiyo maana naliuliza swali hili kwa jumuiya ya Nabugoye. Je, kuutunza mlima kuwe wajibu wa sinagogi zima, kama Sabato na sheria za vyakula, au kuachwe kwa kila mkulima na hiari yake? Sauti zinazofuata nimezitunga mwenyewe. Hakuna mtu wa kilima kile aliyeyasema maneno haya. Lakini hoja zenyewe zinatoka katika vitabu vya Kiyahudi na katika maisha ya mteremko ule, nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MZEE: Mimi naziogopa amri mpya. Nilikuwa kijana enzi za Amin. Tulisali kwa kujificha, na kilichotuvusha hakikuwa mradi. Tulivushwa na Sabato, na tohara, na nyama iliyochinjwa kwa sheria. Sasa kila mgeni anayepanda kilima hiki anakuja na jambo lake. Mwaka huu vyandarua, mwaka ujao miche. Mgeni akishaondoka, mche unakauka na kibao chenye jina lake kinabaki. Anayetaka niamini kwamba mti ni Torati, anionyeshe palipoandikwa.

MWALIMU WA TORATI: Pameandikwa, mzee wangu, tena katika sheria za vita. Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, jeshi linalouzingira mji limekatazwa kuikata miti ya matunda, ijapokuwa magogo yanahitajika. Wenye hekima wetu wakapima: kama mti wa adui unalindwa vitani, wa jirani yako wakati wa amani je? Amri hiyo wakaiita *bal tashkhiti*, usiharibu. Maimonides, mwanazuoni wetu wa karne ya 12, akaeleza kwamba haiishii kwenye miti. Anayevunja vyombo, anayerarua nguo, anayebomoa jengo, anayeziba chemchemi, anayepoteza chakula, wote wameivunja.

MZEE: Umeniambia nisikate. Hujaniambia nipande. Sheria ya kutoharibu hata mtu aliyelala anaitimiza.

Hapa mzee amegusa penyewe. Watu wengi wanaozungumzia dini na mazingira huishia kwenye katazo, wakadhani wamemaliza. Mteremko uliokwisha kuvuliwa miti hauponi kwa kuachwa tu, maana mvua ya kesho inaukuta uchi vile vile.

MWALIMU: Basi turudi Mwanzo, sura ya 2. Adamu aliwekwa bustanini akapewa kazi mbili, kulima na kulinda. Kitenzi cha Kiebrania cha kuilinda bustani ndicho kile kile kinachotumika kwa kuishika Sabato. Wewe, mzee, Sabato unaishika kwa kulala tu?

MZEE: Hapana. Inaandaliwa tangu Alhamisi.

MAMA MKULIMA: Inaandaliwa na nani? Kama mmefika kwenye maandalizi, karibuni jikoni. Sabato moto hauwashwi, kwa hiyo Ijumaa kabla ya jua kuzama kila kitu kiwe kimepikwa, na makaa yawe yamefukiwa vizuri ili chakula kisipoe. Mafiga matatu yanakula kuni kama moto wa tanuri la matofali. Binti zangu wanazifuata mbali kuliko nilivyokuwa nikizifuata mimi. Hiyo *bal tashkhiti* yenu imewahi kuingia jikoni?

MWALIMU: Imeingia, mama, tangu zamani. Katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya wenye hekima wetu, kitabu cha Shabati, Rav Zutra anasema kwamba mtu anayeifunika taa ya mafuta au kuifunua taa ya nafta isivyotakiwa, ikawaka kwa kasi na kumaliza mafuta bure, amevunja amri ya kutoharibu. Taa moja ndogo. Moto unaopoteza kuni kila Ijumaa uko ndani ya hukumu hiyo hiyo.

MAMA: Basi hukumu hiyo imechelewa kunifikia. Jiko la udongo linalobana moto linajengwa kwa siku moja, udongo tunao na nyasi tunazo. Mwaka mzima sijasikia likitajwa sinagogini.

MWEKA HAZINA: Mama, hata mimi nataka kuni zisiishe, na ndiyo sababu nimepanda mikalitusi. Inakua haraka. Miaka michache tu naiuza nguzo, na ada za shule zinalipwa. Mti kama mringaringa utaniweka hadi nizeeke. Msiniite mharibifu kwa kuwa nimechagua mti unaolipa.

MAMA: Hakuna aliyekuita mharibifu. Lakini mikalitusi yako uliipanda mpakani mwa kahawa yangu. Mistari miwili ya mwisho imenyong'onyea. Inanyonya maji yote.

MWALIMU: Kesi hii imeshaamuliwa, na si mimi niliyeiamua. Shmuel, mmoja wa wakuu wa Babeli, aliletewa tende na mkulima wake. Alipozila akasikia ladha ya divai. Akauliza, akaambiwa kwamba mitende ile imeota katikati ya mizabibu. Akatambua kwamba mitende inaidhoofisha mizabibu, nayo mizabibu ina thamani zaidi. Akaagiza kesho yake aletewe mizizi ya mitende.

MWEKA HAZINA: Kumbe Talmudi inaruhusu kung'oa!

MWALIMU: Inaruhusu, na ukurasa ule ule unatisha. Ni Bava Kama, 91. Rav anasema mtende unaozaa kav moja tu ya tende, kipimo kidogo cha kale, ni haramu kuukata. Rabi Hanina anasema mwanawe alikufa kwa sababu aliukata mtini kabla ya wakati wake. Kisha anasimama Ravina na kusema: thamani ya mbao zake ikizidi thamani ya matunda, ni ruhusa.

Naupenda ukurasa huu kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia kuhusu mazingira. Ndani yake yumo baba aliyezika mwana, yumo mkulima mwenye hesabu zake, wala hakuna anayefukuzwa barazani. Sheria inaijua njaa. Haimwambii maskini kwamba mti ni mtakatifu kuliko ada ya mtoto wake. Inamtaka athibitishe kwa vipimo, mbele ya watu, kwamba anachokipata kinazidi anachokiangusha. Mkalitusi mpakani mwa kahawa haupiti kipimo hicho. Kwenye kiwanja chake mwenyewe, penye majimaji mengi na mbali na chemchemi, pengine ungepita.

KIJANA: Mimi nimekaa kimya kwa heshima, lakini mnazungumza kana kwamba mlima umeharibiwa na mama huyu na mafiga yake. Viwanda na magari yaliyopasha dunia joto hayako Mbale. Kahawa ya arabika inataka ubaridi. Joto likipanda, mkulima anaufuata ubaridi juu, na huko juu anakutana na mpaka wa hifadhi ya taifa iliyotangazwa 1993. Halafu sinagogi nalo limwongezee wajibu? Tena hayo ya kupanda miti kwa ajili ya dunia tumeyaona hapa hapa Elgon. Kuanzia 1994 wakfu wa FACE wa Uholanzi uligharamia miti ndani ya hifadhi, ili kaboni itakayovutwa na miti ile ihesabiwe kwa faida ya watu wa mbali. Watu waliokuwa wakilima pale wakaondolewa. Baadaye wanavijiji wakaikata miti na kupanda mahindi. Mimi siwalaumu.

MAMA: Deni la waliopasha dunia joto ni la kweli, mwanangu, lidai. Ila utakapoishinda kesi hiyo huko Ulaya, udongo wangu utakuwa umeshafika mto Namatala. Mimi nina nusu eka. Sina wa kuniletea udongo mwingine.

KIJANA: Na mti uliopandwa juu ya dhuluma?

MAMA: Utakatwa. Hapo sibishani nawe. Kwa hiyo tupande kwenye ardhi yetu, miti tunayoichagua wenyewe, kivuli kiwe cha kahawa yetu.

Kijana hajajibiwa vya kutosha, nami sitajifanya kwamba amejibiwa. Mti hauwezi kukaa mahali ambapo haki imeng'olewa, na jumuiya yoyote ya dini inayohubiri miti bila kuuliza ardhi ni ya nani itaona miche yake ikigeuzwa kuni. Hata hivyo hoja yake inapungukiwa na kitu kimoja. Inafahamu vizuri aliyeanza kuharibu, lakini haisemi nani atakinga maji ya Aprili hii.

JIRANI MWISLAMU: Mniruhusu. Mimi si wa sinagogi, ni wa ushirika. Mwaka 2004 J. J. Keki, Myahudi wa hapa, alipita kwetu akitaka Waislamu, Wakristo na Wayahudi tuuze kahawa pamoja. Alikuwa New York ile tarehe 11 Septemba 2001, akaona watu wanavyouawa kwa jina la Mungu, akarudi na wazo hilo. Tukauita ushirika Mirembe Kawomera, amani tamu. Kahawa yetu ilinunuliwa Marekani kwa utaratibu wa Biashara ya Haki, ambao juu ya bei huwa na nyongeza, na wanachama wenyewe huamua itumikeje. Sasa nisikilizeni. Maji ya mvua yakitoka shamba la Myahudi yanaingia langu, kutoka langu yanaingia la Mkristo. Myahudi akichimba makinga maji, mimi ndiye ninayepona. Asipochimba, mbolea yangu inakwenda. Msiseme jambo hili ni hiari ya mtu na shamba lake. Mteremko hauna mpaka wa dini.

MZEE: Haji, kwenu limeandikwa?

JIRANI: Mtume alifundisha kwamba Kiyama kikisimama na mkononi mwako una mche, ukiweza kuupanda, upande.

MWALIMU: Subhana... Haji, Rabi Yohanan ben Zakai alifundisha kwamba ukiwa na mche mkononi na ukaambiwa Masihi amefika, kwanza maliza kuupanda, ndipo utoke kumlaki.

Mafundisho haya mawili yapo, kila moja katika vitabu vya wenyewe: la kwanza katika hadithi za Musnad ya Ahmad, la pili katika Avot ya Rabi Natan. Msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Mbale anayesikia kwamba dini hizi hazina la kushirikiana, ayaweke bega kwa bega na kuyatazama.

MZEE: Sawa. Nimeshindwa kwenye maandiko, na sina uchungu. Lakini swali langu la mwanzo bado liko pale pale. Miche inapandwa na inakufa. Mkiufanya wajibu wa sinagogi, mtaongeza sherehe tu. Tutaimba, tutapiga picha, tutarudi nyumbani.

MAMA: Mzee anasema kweli, na mimi najua sababu. Sikukuu ya miti, Tu Bishvati, inaangukia Januari au Februari. Kule Yerusalemu mvua zao zinanyesha wakati huo, mlozi umechanua. Hapa ni kiangazi kikali. Ardhi imepasuka. Mche unaopandwa siku hiyo unapandwa kaburini. Mwenye nguvu ya kuupandishia ndoo ya maji kila jioni hadi Machi ni nani, kama si mimi?

MWEKA HAZINA: Tuibadilishe tarehe?

MZEE: Tarehe ya sikukuu haibadilishwi!

MWALIMU: Haihitaji kubadilishwa. Naona sote tumesahau Tu Bishvati ilikuwa ya nini. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zetu, mwanzo wa kitabu cha Rosh Hashana, imetajwa kuwa mwaka mpya wa miti; nyumba ya Shamai ilisema tarehe 1 ya mwezi wa Shvati, nyumba ya Hileli ikasema 15, na Hileli ndiye tunayemfuata. Ilikuwa siku ya hesabu. Kwa siku hiyo mkulima alijua tunda hili ni la zaka ya mwaka gani, na mti huu una umri gani. Desturi ya kuipandia miche ni ya juzi tu: mwaka 1890 mwalimu Ze'ev Yavetz aliwatoa wanafunzi wake kupanda miti Zikhron Ya'akov, na mwaka 1908 chama cha walimu kikaieneza. Ni desturi njema, kwa nchi yenye mvua wakati huo.

MAMA: Siku ya hesabu...

MWALIMU: Tena Mambo ya Walawi 19 inakataza kula matunda ya mti kwa miaka mitatu ya mwanzo. Hiyo ni sheria ya orla. Na hesabu ya orla hufungwa na Tu Bishvati, kwa kuwa matunda yaliyotangulia kuchanua kabla ya siku hiyo bado yamo katika katazo.

Nimesubiri hapa kwa hamu, kwa sababu hapa ndipo pana jambo nililokuja kulisema. Sheria hii ya kale haimpongezi mtu aliyepanda. Inamwacha asubiri miaka mitatu, na muda wote huo inamtaka ajue umri wa kila mti wake. Mtu hawezi kujua umri wa mti ambao hajaurudia. Sisi Afrika Mashariki, katika shule, misikiti, makanisa na maofisi, tumezoea kutangaza idadi ya miche iliyopandwa siku ya sherehe, na ripoti inafungwa jioni ile ile. Idadi ya miti iliyo hai baada ya kiangazi cha tatu haitangazwi, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuitazama.

Nabugoye wana kalenda inayoweza kulirekebisha hilo bila kuongeza sikukuu hata moja. Pasaka huja Machi au Aprili, masika yakiwa yameanza. Miche ishuke kutoka kitaluni mara sikukuu ikishapita. Sikukuu ya Shavuoti huja Mei au Juni, ardhi ingali na unyevu; ikishapita, palipokufa mche papandwe mwingine, na makinga maji yazibuliwe. Kisha Tu Bishvati, katikati ya kiangazi, jumuiya yote itoke na kuhesabu. Uliokauka uandikwe kuwa umekauka. Ulio dhaifu upelekewe matandazo ya majani ya migomba na ndoo ya maji.

MZEE: Mringaringa hatuupandi kwa ajili ya tunda. Orla haiugusi.

MWALIMU: Haiugusi, mzee wangu. Kwa mringaringa tutaihesabu kwa kupenda. Hatutasema ni sheria.

MZEE: Vizuri. Msidanganye kwa jina la Torati. Na nani atakayeulizwa?

MWEKA HAZINA: Kamati.

MZEE: Kamati haina uso. Sala ya pamoja inahitaji minyani, watu kumi. Akikosekana mmoja tunajua ni nani, na tunamtuma mtoto akamwite. Kila mstari wa miti uwe na jina la mtu namna hiyo.

KIJANA: Liandikeni langu. Mstari wa juu, chini ya chemchemi. Lakini kwenye daftari muandike pia ardhi ni ya nani.

MAMA: Na ndoo?

KIJANA: Ndoo nitabeba mimi.

Naiweka hukumu yangu wazi. Utunzaji wa mlima uwe wajibu wa sinagogi, uandikwe katika daftari lake, na upimwe kwa miti iliyo hai, majiko yaliyojengwa na makinga maji yaliyozibuliwa. Daftari hilo lifunguliwe kwa Haji na kwa Wakristo wa ushirika, maana maji yanapita kwao pia. Hoja ya hiari ilianguka pale jirani alipoonyesha yanakoelekea maji. Hoja ya kijana kuhusu deni la mataifa tajiri inabaki imesimama, na wanaotoka Nabugoye kwenda kuzungumza ughaibuni waibebe.

Mche utakaotiwa ardhini Mbale baada ya Pasaka utapita viangazi vitatu kabla hesabu yake haijafungwa. Nawe msomaji, kama mwaka jana ulipanda mti shuleni, msikitini au kanisani kwenu, mwezi wa kiangazi nenda ukautazame, na uende na maji.